Kibao cha Miguu ya Chuma

Mjini Kestler, kocha akifungwa mechi nyingi mfululizo hakuna anayemwambia aondoke. Anaamka tu Jumamosi asubuhi, anafungua mlango akachukue gazeti, anakuta nyumba yake inauzwa. Vibao vimechomekwa kwenye nyasi zake kama misalaba ya makaburini. Vingine ni vya madalali, vingine vimeng'olewa kwa jirani aliyekuwa akiuza nyumba yake kwelikweli. Hakuna aliyeona mtu. Mji wote ulikuwa umelala, na mji wote unacheka.

Jumamosi moja ya Oktoba ilikuwa zamu ya Kocha Rayford, na kimoja kati ya vibao vile kilikuwa cha Leon Hruska.

Leon alikuwa fundi mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Shule aliiacha mapema, na tangu azaliwe alikuwa akiamriwa na watu waliokaa shuleni muda mrefu kumzidi. Mkewe, Bernadette, alifariki Februari. Tangu hapo Leon alikuwa na kesi na kila mwenye cheo: hospitali iliyomrudisha mgonjwa nyumbani kabla ya wakati, meneja aliyemkata mshahara kwa siku za msiba, padri aliyelikosea jina la marehemu mbele ya jeneza. Kesi mpya ilikuwa ya Kocha.

Mwanawe, Wade, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, naye ndiye senta wa timu ya shule, ya mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono. Senta ndiye anayeinama juu ya mpira, akaupitisha katikati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki aliye nyuma yake, kisha akainuka kupambana na kila anayetaka kumwangusha huyo kwotabeki. Yeye na wenzake wanne ndio ukuta. Kwotabeki akirusha mpira vizuri, mji unaimba jina lake. Akiangushwa, mji unauliza ukuta ulikuwa wapi. Wade alikuwa akiinama hivyo tangu akiwa mdogo, na mama yake alikuwa mtu pekee jukwaani aliyemtazama yeye badala ya kuutazama mpira.

Na mwaka huu wa mwisho, mwaka ambao Wade alikuwa ameusubiri, Kocha akaamua kwamba kwotabeki atakuwa Ysidro Cantú, kijana wa mwaka wa kwanza, mwembamba kama mpini wa jembe.

"Mwaka huu tunajenga," Kocha aliwaambia wazazi kwenye kikao cha Agosti. "Kijana huyu atafungwa, ataanguka, atajifunza. Subira huvuta heri."

"Husema hivyo walio na heri tayari," alisema Leon kutoka viti vya nyuma. "Mwanangu hajengi, Kocha. Mwanangu anahitimu."

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi mtu kumpigapiga Leon mgongoni.

*

Bwana Stroud, muuza matrekta na mwenyekiti wa bodi ya shule, hakuwahi kukaa meza moja na Leon. Lakini Alhamisi ya wiki ile ya vibao, mkahawani, alibeba kikombe chake akaja akaketi.

"Hruska! Kijana hajambo?"

"Hajambo. Anafungwa tu kila Ijumaa."

Stroud alicheka mpaka tumbo likagusa meza. "Lakini kosa si lake, bwana. Wade ni senta bora wilaya nzima. Shida ni anamlinda nani. Dogo yule bado ana maziwa mdomoni! Na nikwambie kitu, watu wa vyuo hawaendeshi gari muda wa saa tatu kuja kutazama timu inayofungwa."

Hapo alikuwa ametia kidole kwenye kidonda. Chuo kingemlipia Wade masomo kwa ajili ya mpira, au asingekwenda kabisa. Bernadette alikuwa amelisema hilo kitandani, akiwa na pumzi chache za kuchagulia maneno: mtoto asije akaishia kiwandani.

"Nina mpwa wangu, Trace," Stroud aliendelea kwa sauti ya chini. "Naye ni mwaka wa mwisho. Ana mkono kama manati. Dada yangu yuko tayari kuhamia hapa, nyumba nimeshamtafutia. Nimempelekea Kocha kwotabeki mzima kwenye sinia! Unajua alichonijibu? 'Asante, ninaye.'"

"Ana kiburi."

"Kiburi hasa! Jumatatu bodi inakaa. Ama Trace anacheza, ama Rayford anafungasha. Lakini nikisema mimi wataona namtetea mpwa wangu. Nataka mzazi. Wewe una mtoto wa mwaka wa mwisho, halafu..." Stroud akaushika mkono wa Leon. "Umefiwa. Watu watakusikiliza."

Mtu mwingine angeuvuta mkono wake. Leon aliuacha pale pale. Tangu Februari watu walikuwa wakivuka barabara wasije wakakosa la kumwambia, na leo mwenyekiti wa bodi amemshika mkono mbele ya kadamnasi na kumlipia kahawa. Maskini hanunuliwi ghali. Huonyeshwa tu kwamba ameonekana.

Ijumaa timu ikafungwa tena, na vibaya. Ysidro aliuangusha mpira, akaangushwa yeye, akainuka na majani kwenye kofia yake ngumu. Mwanamke mmoja jukwaani akapiga kelele, "Mrudisheni chekechea!" Jukwaa zima likaangua kicheko. Safu ya chini alikuwa ameketi mama yake Ysidro, ambaye hukamua ng'ombe kwenye zizi la maziwa nje ya mji, bado amevaa buti za kazini. Hakugeuka. Leon alicheka na wenzake, halafu akayaona mabega ya yule mama, akaacha. Lakini alikuwa ameshacheka.

Kabla ya kulala alikitoa kibao gereji. Alikitengeneza mwenyewe Machi, nyumba ilipomshinda kwa ukimya. Aliandika INAUZWA kwa rangi ya bluu, na kwa miguu akatumia vyuma vya kitanda alichofia Bernadette, maana kitanda kile hakuweza kukitazama kikiwa kizima wala hakuweza kukitupa. Kilisimama mbele ya nyumba yake siku mbili. Wade aliacha kula, na Leon akaking'oa.

Sasa alikitia kwenye pikapu, akaelekea kwa Kocha.

*

Kila Jumamosi asubuhi Wade huenda kwa Kocha kutazama mkanda wa mechi ya jana pamoja na Ysidro. Jumamosi hiyo alirudi mapema. Leon alikuwa jikoni akikaanga mayai. Alimwona kwanza dirishani, mtoto wake mkubwa kama fahali, anakuja katikati ya barabara na kibao begani.

Wade aliingia, akakilaza juu ya meza, miguu ya chuma ikiwa bado na udongo.

"Baba, kitanda cha Mama kinafanya nini kwa Kocha?"

Mayai yakaanza kuungua. Leon akazima jiko.

"Umepita nacho mjini hivyo hivyo?"

"Barabara kuu yote. Watu wamenipigia honi. Walidhani nakwenda kukichomeka."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Sikukutuma."

"Wade, wanakuibia! Huu ndio mwaka wako, na yule mtu anautumia kumlea mtoto wa watu wengine. Chuo hutakipata. Mama yako alisema—"

"Usimtaje Mama na hiki kitu kikiwa mezani."

Leon akavuta kiti, akaketi.

"Kocha amekiona?" aliuliza baadaye.

"Yeye ndiye aliyenisaidia kukitoa. Kimezama kweli. Akasema, 'Hiki kimetengenezwa na fundi. Vingine vyote upepo umevilaza.'" Wade alitaka kutabasamu, ikamshinda. "Anajua ni chako, Baba. Wakati wa msiba alikuja hapa na sufuria la maharage. Aliketi pale sebuleni karibu na kitanda hiki, umesahau?"

Leon alikuwa hajasahau. Alikuwa amechagua kutokumbuka, na hayo ni mambo mawili.

"Nikwambie kitu," alisema Wade, "na usimwambie mtu. Septemba, mechi ya tatu, sisi wa ukuta tulikubaliana. Tumwachie dogo mlango wazi, apigwe, aumie kidogo, Kocha alazimike kutafuta mwingine. Mlango wenyewe nikauacha mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Jamaa akapita hapa." Alijigusa bega la kushoto. "Akamkunja dogo kama shati. Nilisikia pumzi ikimtoka. Kocha akakimbia, akauliza nani amemwacha mtu apite. Dogo yuko chini, hawezi hata kukaa, anasema, 'Kosa langu, Kocha. Nimekaa na mpira muda mrefu.' Halafu akanitazama. Alijua."

"Akakuchongea baadaye."

"Hapana. Ilipofika Alhamisi, Baba, unajua desturi yetu, kwotabeki anawalisha ukuta wake. Wengine huagiza piza. Dogo alikuja na ndoo ya tamale, vile vitonge vya unga wa mahindi na nyama, yeye na mama yake wamekesha kuzifunga kwenye maganda ya mahindi. Akasimama na sahani, akanipa mimi kwanza. 'Senta kwanza,' akasema. Hakula mpaka sote tukashiba, na wewe unajua sisi hatushibi upesi."

Leon alikuwa akikwangua udongo kwenye chuma cha kitanda kwa ukucha.

"Wanamcheka kwa kuwa hawajui," aliendelea Wade. "Mimi najua. Anapopokea mpira mikono yake iko chini yangu kila mara. Mwanzoni vidole vilikuwa vinatetemeka kama mtoto wa bata. Siku hizi havitetemeki. Anakosea, ndiyo, lakini anakosea akiwa ametulia. Mtu wa hivyo baada ya miaka miwili hashikiki. Trace akija tutashinda mechi mbili tatu, halafu yeye anaondoka, mimi naondoka, na dogo atakuwa amefundishwa kitu kimoja tu, kwamba watu wazima wakiogopa humtupa mtoto."

"Na wewe unapata nini?"

Wade alifikiri. Alikuwa mtoto asiyejibu haraka, na hilo alilitoa kwa mama yake.

"Mimi? Nitakuwa niliyemlinda."

*

Bodi ilikaa kwenye ukumbi wa kulia chakula wa shule, na watu walijaa mpaka wengine wakaegemea mashine za soda. Kocha Rayford aliketi pembeni, koti limembana, kofia juu ya goti. Stroud alizungumza kuhusu heshima ya mji, akazungumza kuhusu ushindi wa enzi za baba zao, akazungumza kuhusu "fursa iliyotujia". Jina la mpwa wake hakulitaja. Wakubwa wana adabu hiyo, hula kwa uma hata wanapoiba.

"Sasa tumsikilize mzazi mwenzetu," alisema, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliye kanisani. "Leon Hruska. Wote tunajua aliyoyapitia."

Leon akasimama. Shati lake la kanisani lilikuwa limekunjamana, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumpigia pasi. Alikishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Bwana Stroud aliniomba nije niseme kama mfiwa," alianza. Watu wakatazamana. Stroud akakohoa. "Basi nasema kama mfiwa. Vibao vilivyokuwa kwa Kocha, kimoja kilikuwa changu. Kile chenye miguu ya chuma. Kocha, unisamehe."

Rayford aliinua mkono kidogo kutoka gotini, kama anayesema yameisha.

"Mpira siujui kumzidi mwanangu. Mwanangu anasema mikono ya yule mtoto haitetemeki tena. Yeye ndiye yuko naye pale chini, sisi wengine tunapiga kelele tu. Mnasema hatuwezi kusubiri." Akaigeukia meza ya bodi. "Mke wangu alirudishwa nyumbani kwa kuwa kitanda kilihitajika haraka. Waliokuwa na haraka walikuwa wamevaa vizuri, kama ninyi. Waliongea vizuri, kama ninyi. Mimi na haraka tumeshajuana. Ni hayo tu."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Kutoka nyuma, karibu na mlango, mtu alivuta kamasi kwa nguvu. Alikuwa mama yake Ysidro, na buti zake.

Mtu angependa kusema kwamba bodi iliona haya. Bodi haina uso wa kuonea haya. Ilinong'ona, ikanywa maji, ikatazama saa, kisha ikaahirisha jambo lile mpaka mwisho wa msimu, kwa kuwa hakuna aliyetaka jina lake liandikwe upande wowote. Wiki hiyo hiyo Trace akahamia shule nyingine iliyokuwa na haraka kuliko Kestler. Na Kocha Rayford, bila hotuba, akakata nyasi zake zilizojaa matundu, akarudi kazini.

*

Mechi ya mwisho ya nyumbani ina desturi yake. Vijana wa mwaka wa mwisho hutembezwa uwanjani na wazazi wao chini ya taa, jina baada ya jina, na kila kijana humpa mama yake ua moja jekundu. Leon alikuwa akiiogopa siku hiyo tangu Februari. Alikuwa amepanga hata kuugua.

"Wade Hruska, senta," spika ikanguruma, "mwana wa Leon, na wa marehemu Bernadette."

Safari hii jina lake hawakulikosea. Baadaye Leon alikuja kujua kwamba Kocha alikwenda mwenyewe kwa mtangazaji akamtamkisha mpaka likamkaa.

Walitembea, baba mfupi na mwana mwenye umbo kubwa, mpaka kwenye mstari wa katikati. Wade akasimama na ua mkononi.

"Shika, Baba."

"Mimi?"

"Shika tu, watu wanatazama."

Leon akalishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa mtu. Hakujua pa kuliweka. Akarudi nalo jukwaani, akaketi nalo, na hakuna aliyemtania, jambo ambalo kwa Kestler ni heshima kubwa.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, hakuutazama mpira. Alimtazama Wade, kama mke wake alivyokuwa akifanya, na akaona mchezo ambao hakuwahi kuuona. Mtu anainama. Mtu anainuka. Mtu anapigwa kifuani, shingoni, mbavuni, na harudi nyuma hata hatua moja, kwa ajili ya kitu kilichoko mgongoni kwake ambacho hakioni. Kisha anarudi kuinama tena, na hakuna anayeimba.

Dakika ya mwisho walikuwa nyuma, mbele yao kipande kirefu cha uwanja. Wade akaupitisha mpira. Ysidro akaupokea. Septemba angeutupa palepale kwa hofu. Sasa akasimama. Ukuta ukagongwa, ukapinda, haukubomoka. Bado akasimama, macho mbele, hatazami wanaokuja kumuua, kwa maana kulikuwa na mtu wa kushughulika nao. Jukwaa likapiga mayowe, "Rusha! Rusha, we mtoto!" Na Leon Hruska, ambaye msimu mzima alikuwa amedai haraka, alijikuta amesimama akinong'ona, "Ngoja. Ngoja kidogo, baba. Wade yupo hapo, hawapiti."

Ysidro akangoja. Kisha akarusha, na mpira ukaenda juu ya taa, ukashuka mikononi mwa mwenzake aliyekuwa peke yake kwenye kona ya eneo la kufungia.

Wakashinda. Ulikuwa ushindi wa tatu kwa msimu mzima, na Kestler haijengi mnara kwa ajili ya ushindi wa tatu. Watu wakaingia kwenye magari yao. Leon alipofungua kiganja akakuta ua limebaki bua tu.

*

Hakuna chuo kilichompigia Wade simu. Hilo lisemwe wazi, lisipakwe sukari. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga, lakini hawakusema kama kivuli kitakuwa cha nani. Wade alikwenda kujifunza kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mji wa pili, na huwa anarudi nyumbani na macho mekundu na mikono myeusi. Kiwandani hakuishia. Leon humwambia Bernadette hivyo kaburini: si kile ulichotaka, lakini kiwandani hayupo.

Na mwaka wa tatu wa Ysidro timu haikushikika, kama ilivyotabiriwa jikoni na mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Kestler ilipamba barabara kuu kwa mabendera. Bwana Stroud aliketi mkahawani akiwaambia wageni, "Mimi tangu mwanzo nilisema, yule mtoto apewe muda." Watu waliitikia. Leon alikunywa kahawa yake, aliyojilipia mwenyewe.

Siku hizi Alhamisi ukuta unalishwa nyuma ya nyumba ya Hruska. Wade alivichukua vile vyuma vya kitanda akavichomelea vikawa jiko la kuchomea nyama, refu, la kuwatosha vijana wasioshiba. Ubao ndio meza ya kukatia, upande wenye rangi ya bluu umelala chini. Leon husimamia moto tangu asubuhi, maana nyama ile haitaki haraka, na mama yake Ysidro huleta ndoo yake ya tamale, wakagombana kuhusu pilipili.

Alhamisi moja Wade alifika kutoka kazini vijana wakiwa wameshapanga mstari. Akaenda kusimama mwisho, na nguo zake za karakana. Ysidro, ambaye sasa alikuwa mrefu kumzidi, alikuwa amejaza sahani ya kwanza. Akamkuta senta mpya amenyoosha mkono, akampita, akawapita wote, akaenda mpaka mwisho wa mstari.

"Senta kwanza," alisema.

"Oya!" yule kijana akapiga kelele. "Senta si mimi?"

"Ndiyo ni wewe," alisema Ysidro bila kugeuka. "Subiri."